Kilo Mbili za Dani

Kila Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wanawake wanaoosha vioo walipimwa uzito katika stoo ya kampuni huko Kawangware, mtaa uitwao Kongo, juu ya mizani ya magunia. Mizani hiyo waliikuta ndani. Mpangaji aliyetangulia alikuwa muuza viazi, na kwenye bamba la chuma bado palikuwa na udongo mwekundu usiotoka. Mwanamke alivua viatu, akavua sweta, akapanda, akashika pumzi. Wesonga, msimamizi, alisogeza kijichuma cha kupimia mpaka mkono wa mizani ukatulia, kisha akasoma kwa sauti ili wote wasikie, ndipo akaandika.

"Mama Lavi. Sitini na saba."

Ilikuwa wiki ya tisa ya sitini na saba.

Kilichotakiwa ni sitini na tano, na hesabu yake haikuwa siri. Majengo marefu ya Upper Hill huoshwa vioo kutoka nje, na waoshaji huteremshwa wawili wawili ndani ya kikapu cha chuma ambacho wenyewe hukiita bembea. Bembea hii ilining'inia kwa kamba ya chuma iliyoanza kukatika nyuzi. Fundi aliitwa, akaikagua, akaandika kwamba haifai kubeba zaidi ya kilo mia moja na hamsini, na kwamba inunuliwe nyingine. Kampuni ikaishia kusoma pale kwenye koma. Mia moja na hamsini ukigawa kwa watu wawili ni sabini na tano. Ukitoa ndoo na maji yake, kilo kumi kila mmoja, inabaki sitini na tano. Tangazo likabandikwa kwenye mlango wa stoo. Waliozidi walipewa miezi saba ya kujirekebisha. Kujirekebisha ndilo neno lililotumika. Watakaofikisha wangepewa barua ya kudumu, na barua ya kudumu huja na kadi ya hospitali.

Aketch aliitaka kadi hiyo kuliko kitu kingine chochote. Binti yake Lavender, wa miaka kumi na mmoja, alikuwa na selimundu, na baridi ikiingia, mifupa ilimuuma mpaka akanyamaza. Alipolia, Aketch hakuogopa. Aliogopa akinyamaza.

Alikuwa ameanza na kilo themanini na moja. Alilifanya jambo hili kama alivyofanya mengine yote, polepole na kwa utaratibu. Aliacha sukari kwenye chai, kisha maziwa, kisha chapati. Aliacha kupanda gari, akawa anatembea kutoka kwake Kisumu Ndogo, Kibera, anapitia Ayany, anavuka Ngong Road, anaingia Kawangware, na jioni anairudia njia ileile. Kilo kumi na nne zilimtoka katika miezi minne. Sasa Kibera, mtu akikonda hivyo haulizwi amefanyaje. Huombewa. Akina mama wa kanisa lake walikuja Jumamosi moja na mikate miwili, mayai na unga, wakaimba, wakamwekea mikono kichwani, na hawakuondoka mpaka walipomwona amekula. Walimwambia siku hizi dawa zipo na watu wanaishi miaka mingi. Aketch aliwaeleza habari ya kamba. Walisikiliza mpaka mwisho, wakatikisa vichwa, wakamwombea tena.

Kisha uzito ukasimama. Alipunguza ugali ukabaki kama ngumi ya mtoto: sitini na saba. Alikaa siku mbili kwa maji matupu: sitini na saba. Musimbi, mwenzake wa bembea, mtu wa Vihiga mwenye kicheko, ambaye alikuwa na sitini na nne tangu azaliwe kwa jinsi alivyosema mwenyewe, alimpa ushauri.

"Mwili umezoea, Mama Lavi. Ushtue. Kula chapo tatu na maharagwe uone kama hautaruka."

Alikula chapo tatu na maharagwe: sitini na saba. Alinyoa nywele. Alipanda mizani akiwa amebeba mtungi wa lita ishirini uliojaa, ikasoma themanini na nane, kwa hiyo mizani haikuwa na kosa. Hapo akaamini kwamba zile kilo mbili hazikutokana na chakula, na kwamba asingeweza kuzitoa kwa kutokula.

Alimpigia mama yake simu huko Seme. Mama alikuwa akipukuchua mahindi, na aliendelea kupukuchua wakati wa kuzungumza. Alisema Aketch alipozaliwa alilia siku nane. Walimtajia majina ya ukoo mzima, moja baada ya jingine, akayakataa. Siku ya tisa wakamtajia la Aketch, mama mzaa baba, aliyekuwa amekufa mwaka uliotangulia, na mtoto akanyamaza papo hapo. Asubuhi ile kliniki walikuwa wamempima. Walipompima jioni alikuwa ameongezeka kilo mbili. Nesi aliandika kwenye kadi, akawaambia wamfunike vizuri.

"Hizo si zako," mama alisema. "Ni za Dani, nyanya yako. Muombe mwenyewe."

Basi Jumapili saa tisa alasiri, baada ya kanisa, Aketch alikaa kitandani akamwomba. Dani akashuka. Alishuka kama mama mzima anavyoshuka pikipiki aliyoikalia upande, mguu mmoja kwanza ukitafuta ardhi, akalinyoosha gauni lake, akauliza kama kuna chai. Aliitaka ya sukari. Lavender akampisha kiti.

Dani aliuliza kwa nini ameteremshwa baada ya miaka thelathini na minne, na kama ni kwa kosa lake. Aketch akamweleza: kamba, fundi, tangazo, kadi. Ajuza alisikiliza huku akipuliza chai. Yeye alizaliwa mwaka wa njaa kuu, na jina la Aketch alipewa kwa sababu hiyo.

"Nyinga," alisema, maana ndivyo wenye jina moja wanavyoitana, "njaa yangu mimi ililetwa na mvua kukosa. Hii yako imeletwa na nani?"

"Kampuni."

"Na yenyewe inakula?"

"Inakula, Dani."

Dani akaomba aongezwe chai.

Kesho yake mizani ilisoma sitini na tano kamili. Wesonga alitangaza, wenzake wakapiga makofi, Musimbi akamwinua Aketch akashangaa jinsi alivyo mwepesi. Jumatano, alipokwenda kuchukua barua, Wesonga alimpima tena kwa ajili ya fomu. Hamsini na nane. Ijumaa, arobaini. Mwili wake ulikuwa uleule, nguo zilimkaa vilevile, na mashavu yalikuwa yameanza kujaa kwa sababu sasa alikula. Ilikuwa kama yale mawe ambayo watu huweka juu ya mabati. Mtu huyaona ni mawili tu, tena madogo, mpaka siku atakapoyaondoa.

Mwisho wa mwezi alikuwa na kilo moja na nusu. Alijifunza kutembea akishika kuta, na kila alipotoka sokoni alirudi na viazi hata kama hakuvihitaji. Jirani mwenye kioski alimwomba tu asisimame mlangoni lori likipita. Kadi ya hospitali ilikuja kwenye bahasha ya kaki. Lavender alilazwa mara moja, akatibiwa, akarudi nyumbani siku ya nne akidai soda.

Kazini, kwenye ghorofa ya kumi na nne, palikuwa na kona ambayo bembea haikuifikia. Aketch alijinyoosha kuipangusa, mguu ukateleza, akatoka nje ya bembea. Hakuanguka. Alibaki pale alipokuwa, kona ikiwa mbele yake, akaiosha. Simu ikalia mfukoni. Alikuwa Wesonga, chini barabarani, akimwambia akimaliza hapo apite na upande wa pili.

Baada ya wiki moja alipewa barua. Kwa kuwa mfanyakazi aliyetajwa hapo juu hahitaji bembea, ilisema, mkanda wake wa usalama urudishwe stoo. Kuhusu upepo, ajiletee kamba ya kuanikia nguo.

Dani aliomba asomewe barua hiyo mara mbili. Kisha alifunga kitambaa kichwani akaenda Kawangware kwa miguu. Wesonga alimpokea vizuri, maana alikuwa amelelewa na nyanya. Alimpa kiti, akamwandika kwenye kitabu cha wageni, na penye nambari ya kitambulisho akaandika marehemu.

"Kijana," Dani alisema, "kamba ikizeeka, hurekebishwa kamba au hurekebishwa watu?"

"Shosho, hilo ni la wakubwa."

"Wako wapi?"

"Huja Jumanne."

Alirudi Jumanne. Wakubwa walikuwa wamekuja Jumatatu.

Walikuwa wamekuja kuona maendeleo, na yale waliyoyaona kwa Aketch yaliwapendeza. Tangazo jipya likabandikwa juu ya lile la zamani: wafanyakazi wote wafikie kilo mbili kabla ya mwisho wa mwaka. Musimbi alilisoma, akacheka peke yake, kisha akaacha kucheka. Yeye naye alikuwa na watoto watatu, na jina alipewa la kukhu wake, mama wa baba, aliyezikwa kabla yeye hajazaliwa. Na wengine walikuwa hivyohivyo, maana watu wa Magharibi na watu wa ziwa hawaachi wafu wao bila mahali pa kukaa. Mmoja baada ya mwingine waliwaomba wazee wao washuke. Kufikia Oktoba benchi la stoo lilijaa nyanya waliokufa, vitambaa kichwani, mikono mapajani, wakisubiri Jumanne. Wesonga akaongeza benchi la pili. Wote walikuja kuuliza kuhusu kamba, na wote waliandikwa kitabuni.

Kampuni ikajibu kwa maandishi. Kwa kuwa bembea haitumiki tena, ilisema, suala la kamba limetatuliwa.

Nyumbani, kila jioni baada ya kula, Dani alimuuliza Aketch, "Nipande?" Aketch alimtazama Lavender aliyekuwa akifanya hesabu za shule sakafuni, soksi mbili mbili miguuni kwa ajili ya baridi. Alijua akisema ndiyo, Jumatatu mizani ingesoma sitini na saba, na kadi ingerudishwa.

"Ngoja kwanza, Dani."

Dani hakubisha. Lakini kila alipoosha kikombe chake alikiosha kwa kishindo.

Siku ya upepo mkubwa walikuwa wanane kwenye ukuta wa vioo, kila mmoja amefungwa kwa kamba yake ya nguo kwenye chuma cha paa. Kamba ya Musimbi ilikuwa imekaa juani miaka mingi. Ilikatika bila mlio. Alianza kupanda, polepole, kupita ghorofa ya kumi na tano, ya kumi na sita, na Aketch aliyekuwa karibu naye alinyoosha mti wa kupangusia mpaka bega likamuuma. Ulipungua urefu wa mkono mzima. Musimbi hakuachia ndoo aukamate. Aliishika kwa mikono miwili, kwa sababu ndoo ikipotea hulipwa na mwoshaji.

"Waambie watoto nitachelewa," alisema.

Upepo ulimpeleka kuelekea Kawangware, juu ya stoo yenyewe, kisha Dagoretti. Akawa mdogo kama gazeti linalopeperushwa, kisha asionekane. Ndani ya jengo mtu mmoja aliyekuwa mkutanoni alisimama akavuta pazia, jua lilikuwa linampiga machoni.

Jioni Wesonga alijaza fomu. Aketch alisimama mbele ya meza, ameshika ukingo wake ili asiinuke, akaona kalamu ikielekea penye maneno ameacha kazi bila notisi.

"Andika amechukuliwa na upepo," alisema.

"Fomu haina hiyo, Mama Lavi." Macho ya Wesonga yalikuwa mekundu. "Ina kuacha, kufutwa na kustaafu."

"Basi paache wazi."

Fomu yenye pengo hurudishwa, na ikirudishwa mara tatu msimamizi huandikwa barua. Wesonga akaweka alama penye kuacha. Aketch alisema alichotaka kusema, kwa sauti yake ya kawaida, kwamba wale waliopiga hesabu ya kamba walijua kusoma, na kwamba wao wenyewe hawakuwahi kuambiwa wapunguze kilo hata siku moja. Wesonga alikubali kwamba ni kweli. Akamuuliza kama angependa neno hilo aliandike kitabuni, Aketch akasema aliandike, akaliandika.

Kukhu wa Musimbi alikuwa bado kwenye benchi watu walipoanza kufunga stoo. Hakuwa tena na mtu wa kumpanda. Dani alimshika mkono, wakaenda naye Kisumu Ndogo, na Lavender akahamia upande wa ukutani ili wote watoshe.

Jumatatu iliyofuata wanawake kumi na sita walikuwa langoni kabla ya jua, wakitafuta nafasi ya Musimbi. Walikuwa wameshasikia kinachotakiwa, nao walikuwa wameshawashusha wazee wao na kuwaacha nyumbani. Mmoja, msichana wa Kongo palepale, alipanda mizani akashika pumzi. Wesonga akasoma nne. Akamwambia ajaribu tena wiki ijayo.

Msichana alishuka, akamfuata Aketch mpaka kwenye nguzo ya lango aliyokuwa ameishika.

"Sister, nimekwama hapo mwezi mzima," alisema kwa sauti ya chini. "Hizo mbili za mwisho, wewe ulizitoaje?"

Aketch alimwambia arudi nyumbani akale.

Msichana alimtazama kama mtu anavyomtazama jirani anayefunga mlango wakati wa chakula. Kisha akarudi kusimama kwenye foleni, nyuma kabisa, akavua na sweta ya ndani.