Kioo Kitupu

Anayeviona kwa mara ya kwanza hudhani ni pambo: vijiti vyembamba vyekundu juu ya buluu, vingine viwili viwili, vingine vimelaliana kama ndugu waliogombania mkeka mmoja. Nimevitazama kwa hadubini ya maabara yetu miaka kumi na tisa, na mpaka leo nikikutana na kijiti cha kwanza pumzi hunikatika. Ni vijidudu: elfu wakipangwa mstari mmoja hawafikii urefu wa punje ya mchele, lakini ndio waletao kifua kikuu kinachomlaza chini mwanamume wa kilo themanini.

Kazini waliniita Jicho, na jina hilo nililipenda kuliko nilivyopaswa. Kila baada ya miezi mitatu vioo vyetu, vile vipande vyembamba tunavyovipaka makohozi, hupelekwa maabara kuu vikasomwe upya na watu wasiotujua, na hawakuwahi kunirudishia kosa hata moja. Nikaamini kwamba wenzangu hukosea kwa sababu wana haraka, na mimi sikosei kwa sababu ni mimi. Kiburi si maungwana, lakini changu kilikuwa na vyeti.

Wiki ile nilipata wagonjwa kumi na mmoja katika makohozi ya watu arobaini. Kwa kawaida tungepata watatu, wakizidi wanne. Sikushtuka, nilijiona shujaa. Msomaji haoni majina, huona namba tu. Majina hukaa katika daftari la mwenzangu wa dirishani, anayepokea vikopo na kuvibandika karatasi, ambaye sote tunamwita Bwana Namba. Ijumaa asubuhi nilimsomea matokeo naye akaandika. Nilipofika kumi na saba, kalamu yake ikasimama.

"Rudia, dada."

"Kumi na saba. Anacho. Msalaba mmoja."

Hakuuandika ule msalaba, alama yetu ya wingi wa vijidudu. Aligeuza daftari upande wangu, akaweka kidole chini ya jina la baba yangu.

Mimi ndiye niliyemlazimisha baba alete makohozi. Alikuwa amekohoa wiki tatu akisingizia vumbi la mbao, maana ni seremala aliyestaafu kwa mdomo tu. Anaishi nasi tangu mama afariki. Nilipojifungua binti, baada ya miaka kumi na moja ya kungoja, baba alimpokea mikononi akamwita Mchumba wake, na tangu siku hiyo sikuhitaji yaya. Miezi mitano mtoto yule alilala mchana juu ya kifua kile kile.

Sikumaliza hata kumweleza. Alikwisha kubeba godoro lake kulipeleka kwenye karakana yake uani, kule kwenye madirisha mapana.

"Usijisumbue kunieleza, mwanangu," alisema. "Wewe ukisema kipo, basi kipo."

Maneno hayo yalinichoma kuliko kama angenikatalia. Mtoto alipimwa, akapewa dawa ya kinga, kidonge kinachoyeyushwa kijikoni. Baba alipewa vyake vya miezi sita. Kila asubuhi nilisimama uani nimembeba mtoto, hatua kumi kutoka dirishani, na baba akainua kikombe chake.

"Haya, Mchumba, tumeze pamoja. Atakayekunja uso ndiye atakayetoa mahari."

Mtoto akimeza alimnyooshea babu yake mikono yote miwili, akilia. Baba alirudisha yake nyuma ya mgongo, akaishikanisha huko. Nilipoyaona hayo siku ya tatu, nilitamani kitu ambacho sikuwahi kukitamani maishani: niwe nimekosea.

Jumatatu nilikitoa kioo cha kumi na saba kashani, nikakirudisha chini ya hadubini. Safari hii sikuhesabu. Nilizungusha ile skurubu ndogo inayoinua na kushusha lenzi, taratibu, mbele na nyuma, mbele na nyuma, kama mtu anayetafuta stesheni ya redio. Ndipo nilipoona jambo ambalo mwenye jina la Jicho alipaswa kuliona mapema. Makohozi yakionekana vizuri, vijiti vingi hufifia. Vijiti vikionekana vizuri, makohozi hupotea. Havikuwa ndani ya makohozi. Vilikuwa vimekuja baadaye, vikaketi juu. Nikachukua vile vioo vingine kumi, nikakuta hali ni ile ile.

Nini hugusa kioo baada ya makohozi? Rangi, tindikali, maji. Wiki mbili kabla, mtambo wetu wa kusafishia maji uliharibika, na ni mimi niliyechukua kipande cha mpira wa bustani nikakiunga kwenye bomba ili tusuuzie vioo. Nilijisifu siku hiyo, nikawaambia wenzangu kwamba penye nia pana njia.

Nilifungua pakiti mpya nikatoa kioo ambacho hakuna binadamu aliyewahi kukikoholea. Sikukipaka chochote ila rangi. Nikakisuuza kwa mpira ule, nikakikausha, nikakiweka chini ya hadubini na kuanza kusoma, duara moja la mwanga baada ya jingine. La kwanza tupu. La pili tupu. La tano, la sita. La tisa, wakanitokea, ukoo mzima, wekundu, wametulia juu ya buluu.

Nilimwita Bwana Namba. Aliinama akatazama kwa muda mrefu, kikombe chake cha maji mkononi.

"Hawa wa nani?"

"Si wa mtu."

"Kila kitu hapa kina mwenyewe, dada. Wametoka wapi?"

Nikamwonyesha bomba. Aliangalia bomba, kisha akaangalia kikombe chake.

"Haya ninayokunywa?"

"Hayo hayo. Ni binamu za wale tunaowatafuta. Hawana neno na mtu."

"Wamo tangu lini?"

"Tangu yalipoumbwa maji, nadhani."

Alikiweka kikombe mezani, akakichukua tena, akakiweka. Sikumcheka. Nilichana ule mpira kwa wembe, na ndani nikakuta utando mwororo, unateleza kama ulimi. Watu wa mji mzima hawafikii idadi yao mle. Wameishi, wamezaana na kufa pembeni mwa mikono yangu, nami napita nikijiita Jicho. Niliona woga, lakini woga wa kumfanya mtu avue viatu. Dunia ilikuwa imejaa kuliko nilivyodhani, na sikuwa nimeombwa ruhusa.

Kumwambia daktari mkuu ilikuwa aibu, nami niliinywa yote. Watu kumi na mmoja waliitwa watoe makohozi upya. Maabara kuu ilituletea maji yaliyosafishwa, na kwanza nilisuuza kioo kitupu: madoadoa ya rangi tu, hakuna kijiti. Bwana Namba akafuta namba zote, akawapa watu herufi, akaifungia orodha kwenye saraka ya meza yake.

"Mwingine asome, dada," alininong'oneza. "Hii si ya kwako."

"Aliyemwaga ndiye atakayefuta."

Maduara mia kwa kila kioo. Vioo vinane vya kwanza vilikuwa safi, na kila nilipoandika "hakuna" nilijiambia: huyo ndiye baba. Katika kioo cha tisa, duara la arobaini na moja, nilimwona mmoja, amejikunja kidogo. Nikazungusha skurubu. Kijiti na makohozi vilionekana pamoja. Nikairudisha. Vikapotea pamoja. Nikaendelea mbele nikapata wengine.

Nilikaa nimeshika kalamu. Wiki ile kila mtu alikwisha kujua kwamba maabara ilikosea. Neno "hakuna" moja zaidi lisingemshangaza yeyote. Nilifikiria mikono iliyoshikanishwa nyuma ya mgongo. Kisha niliandika nilichokiona, nikamaliza viwili vilivyobaki. Vilikuwa safi.

"Kumi hawana," nilimwambia Bwana Namba. "Mmoja anacho. Herufi ya tisa."

Alifungua saraka, akasoma. Safari hii hakunigeuzia karatasi.

"Dada," alisema, "kaa kwanza."

Nilimkuta baba dirishani analainisha ubao kwa msasa. Nilimweleza yote: maji, mpira, kioo kitupu, wenzake kumi walioambiwa waache dawa. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akacheka mpaka kikohozi kikamkamata.

"Yaani umekosea mara kumi, ukapatia mara moja, na hiyo moja ukaniletea mimi!"

Nililia pale pale, sina hata leso.

"Nyamaza, mama," alisema, na baba haniiti hivyo ila nikiwa mgonjwa. "Juzi nilikuwa nameza kwa sababu ni wewe uliyesema. Leo nameza kwa sababu umehakikisha. Vidonge vya leo ndivyo vyenye ladha."

Miezi miwili ilipita. Nilijua kwamba wiki fulani kikopo chake kitaletwa tena, lakini sikujua siku wala namba, kwa hiyo kila kioo cha wiki ile nilikisoma kama chake. Sijawahi kusoma polepole namna ile. Jumatano nilikuwa nikitaja matokeo, na Bwana Namba akiandika.

"Ishirini na tatu?"

"Hakuna."

Kalamu ikasimama. Akaligeuza daftari upande wangu.

Siku daktari aliporuhusu, baba alinawa mikono hadi kwenye viwiko, akajifuta, akatoka karakanani. Mtoto, ambaye sasa aliweza kukaa, alimkagua kwanza kwa macho makali ya mkwe, kisha akashika ndevu zake kwa mikono yote miwili akavuta. Baba alifumba macho wala hakujaribu kujinasua.

Nilimletea maji. Aliipokea bilauri, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama muda mrefu, na mtoto akaitazama pia.

"Na humu wamo?"

"Wamo, baba."

"Siwaoni."

"Hata mimi siwaoni."

Akatikisa kichwa. "Karibuni ndani," alisema, akanywa yote.