Kijiti cha Kezia

Kila Julai, kwenye shamba moja la pamba huko Alabama, watumwa waliegemeza visigino kwenye mwimo wa mlango wa karakana, na Mjomba Sipio, seremala, akamkatia kila mmoja kijiti cha urefu wa mguu wake. Vijiti vilifungwa, vikapelekwa Massachusetts, kaskazini. Huko mafundi, ambao pamba ya kusini iliwalisha bila wao kuigusa, walishona viatu visivyo na kulia wala kushoto. Kijiti kikienea ndani, kazi imekwisha. Novemba viatu vilifika kwa sanduku.

Watoto hawakupimwa. Aliyepimwa alihesabiwa mchumaji: alipewa gunia, bei yake ikapanda, na bwana mwenye shamba alipotaka mkopo wa kununua ardhi, wa namna hiyo ndio waliotangulia kuwekwa rehani benki.

Kezia alilijua hilo. Alijua pia kwamba binti yake Tamari, aliyewabebea wachumaji maji, baridi iliyopita ilimpasua vidole vya miguu.

"Changu kikate hapa," alimwambia Sipio, akigusa kijiti mahali pafupi kuliko mguu wake.

"Hapa? We Kezia, unataka viatu vya miguu au vya masikio?"

"Kata, Mjomba. Na uongeze kidogo. Mtoto anakua."

Sipio akaacha kucheka. Akakata.

Hesabu ya Kezia ilikuwa moja tu: viatu hupokelewa na kupelekwa kibandani, na hakuna anayeangalia. Lakini Novemba ile msimamizi, Bwana Pruitt, alikwisha kusikia kwamba baadhi ya viatu vilibadilishwa kwa tumbaku. Akaamuru kila mtu avivae mbele yake.

Kisigino cha Kezia kilibaki nje.

"Hawa Wayankii wa kaskazini ni wezi," Pruitt alisema. "Wanatupunja hadi ngozi." Akageuka, akamwona Tamari na ndoo yake. "Wewe, hebu njoo ujaribu. Vikikuenea, Jumatatu unachukua gunia."

Tamari aliweka ndoo chini upesi. Alikuwa akivitamani viatu tangu vilipotolewa sandukuni.

"Vyangu hivyo, bwana," Kezia alisema. "Ngozi mpya hiyo, itapanuka." Akakunja vidole, akasukuma, kisigino kikazama. Akasimama wima.

"Tembea."

Akatembea hadi kwenye jengo la kuchambulia pamba, akarudi.

"Haya, shambani," Pruitt alisema.

Alichuma hadi jua likazama. Kibandani, Sipio alilazimika kuchana ngozi ya nyuma kwa kisu ili avitoe. Damu ilikuwa imekauka, imeshikamana na soksi.

"Mama, vingenitosha," Tamari alisema, akinuna.

"Ndiyo maana."

"Sasa nitavaa nini?"

"Matambara. Kama mwaka jana."

Kezia alivivaa viatu vile vilivyochanika majira yote ya baridi, maana Pruitt alikuwa akiangalia. Tamari alibeba maji kwa miguu iliyofungwa matambara, na vidole vikapasuka tena. Gunia hakupewa. Februari bwana alipokwenda mji wa Mobile kukopa, Tamari hakuwamo miongoni mwa waliowekwa rehani.

Julai ilipofika, Pruitt mwenyewe alimnyooshea Tamari kidole. Msichana akaegemeza kisigino kwenye mwimo. Sipio akamtazama Kezia, kisu mkononi.

"Ongeza kidogo, Mjomba," Kezia alisema. "Bado anakua."