Emmy Anaanza

Mwaka wa tisini na tatu, wanunuzi wa kambamiti walikuwa wamejaa Mbwera, maana biashara imeachiwa huru. Lakini Alhamisi Kuu boti yao ilibaki na nafasi moja tu, na walioitaka walikuwa watatu: Emmy muuguzi, Joachim tabibu wa zahanati, na Mwalimu Rafaeli. Boti nyingine ni baada ya Pasaka. Basi Wakristo hao, Kwaresima yenyewe, wakakaa barazani kucheza poka, karata za dau na kutishana walizofundishwa na wanunuzi haohao. Dau ni korosho. Honi ya boti ikilia, mwenye korosho nyingi ndiye anayepanda.

Emmy alikuwa na binti Ifakara, Jumapili anapokea komunyo ya kwanza. Joachim alikuwa na mtoto wa mwezi mmoja ambaye hajamtia machoni. Rafaeli alikuwa amechoka kula samaki, basi.

Raundi moja Emmy ndiye aliyetangulia kusema, na kutangulia ni taabu: wenzako wanakusoma, wewe huwasomi. Alishika ree na mfalme, akaweka dau la nguvu. Wote wawili wakamfuata kwa dau hilohilo. Zikafunguliwa karata tatu za katikati, ambazo ni za wote: saba, sita, nne. Kwake takataka tupu.

Lakini aliyeanza kwa kishindo akinywea njiani, kila mtu anajua hana kitu. Ni kama kuchoma sindano: ukisitasita, mtoto anachomoa mkono. Akasukuma korosho kumi. Rafaeli akatupa karata zake. Joachim, aliyekuwa anaongoza, akafuata.

Ikafunguliwa karata ya nne: mbili, takataka tena. Emmy akasukuma korosho zote zilizobaki.

Joachim akamtazama weee. "Sista, leo unazo," akasema. "Hii chukua. Tutaonana raundi ijayo." Akafunika karata zake.

Honi ikalia. Wakahesabu. Emmy amempita kwa korosho sita.

Joachim akafunua alizokuwa nazo: pea ya nane. Zingeshinda za Emmy. "Niambie kweli, dada'ngu. Ulikuwa nazo?"

Kwa sheria ya mchezo Emmy hakulazimika kujibu. Akazichanganya karata zake na nyingine.

"Saba tatu, Daktari: mbili mkononi na ile ya katikati."

"Afadhali!" Joachim akashusha pumzi. "Ningejuta mpaka Krismasi."

Akamchukulia begi, akatangulia nalo gatini. Emmy akamfuata nyuma, na akapanda.