Hodhi ya Kuno

Mimi nina mdomo, sikatai. Mtaa mzima hapa Garsen unajua: Bishara akianza, hata kuku wanaingia bandani. Lakini ukame ulipomaliza ng'ombe wetu wote, na wa mwisho akafia njiani kichwa chake kikiwa mapajani mwa mume wangu Kuno, mdomo wangu ulikosa kazi. Mwenzangu alinyamaza. Tulihamia mjini, binti yetu Madina akatujengea nyumba ya mabati, na mzee akakaa kwenye kigoda akiutazama ukuta. Ukimgombeza, kimya. Ukimpikia, "ahsante", basi. Miaka mitatu! Niliogopa, wallahi. Niliolewa na mtu aliyewaimbia ng'ombe kisimani mpaka koo linakauka, na sasa nilikuwa naishi na kigoda.

Asubuhi moja nikamkuta nyuma ya nyumba na jembe, shimo limemfika magotini.

"Baba Madina, hilo shimo la nini?"

"La maji."

"Maji ya nani? Sisi hatuna hata mbuzi!"

"Watakuja wenye kiu."

Maneno matatu kwa mkupuo! Nilikuwa na mengi ya kumwambia, nikayameza, nikaenda kumletea chai.

Alileta udongo wa mtoni kwa punda wa kukodi, akaukanda kwa miguu, akaukandika kwenye kuta za shimo na kuulainisha kwa kiganja, vile wazee wake walivyotengeneza hodhi za kunyweshea mifugo. Kazi safi, tone halikuvuja. Mvua za vuli zilipoanza, maji ya paa yakamwagikia humo mpaka kidimbwi kikajaa.

Jirani yangu Faduma, mwenye duka, akachungulia juu ya ua. "Mama Madina, siku hizi mnafuga mbu?"

"Tunafuga, na wa kwanza nitakuletea wewe!"

Nilimjibu hivyo, lakini mbu hata mimi nilikuwa nawaogopa. Kuno akaenda mtoni, akarudi na perege wadogo kwenye ndoo pamoja na yungiyungi lenye matope yake. Perege wakala viluwiluwi vya mbu mpaka vikaisha. Halafu wakaja kerengende, wekundu, sijui walipata habari kwa nani. Vyura wakafuata, na mnana wakaanza kufuma viota kwenye mkunazi wetu wa uani. Mzee akageuza kigoda, ukuta akaupa mgongo. Jioni ananiambia, "Leo kerengende walikuwa saba." Mimi, wa kuongea kutwa, nikawa msikilizaji.

Ijumaa moja nikamkuta amechuchumaa kando ya maji. Mkononi alikuwa na kalunguyeye aliyekufa, miiba imelowa. Kwenye udongo ule laini, kwa ndani, kulikuwa na mikwaruzo ya kucha iliyopanda mpaka karibu na ukingo. Maskini alihangaika.

"Mimi ndiye niliyemwita," Kuno akasema. "Kila anayekunywa mkononi mwangu anakufa."

Akamzika chini ya mkunazi. Kisha akashika sepetu, akaanza kurudishia mchanga kidimbwini.

Nikakiona kile kigoda kinarudi kuutazama ukuta. Sikufikiri, niliingia majini na dera langu, nikasimama palepale alipokuwa akimwaga. Sepetu moja ya mchanga ikanipata kifuani.

"Nifukie na mimi basi!"

"Toka, Mama Madina."

"Sitoki ng'o! Wewe mchungaji gani? Umejenga hodhi ya ng'ombe! Ng'ombe anasimama nje, anainamisha shingo, anakunywa. Huyu shingo yake iko wapi? Ilibidi aingie kwa miguu, na wewe hukumwachia njia ya kutokea. Mkono wako hauna balaa, ni ukuta huu!"

Akanitazama. Nilikuwa nalia, kamasi zinatiririka, wala sikuona aibu. "Nimekukosa, Baba Madina," nikamwambia. "Miaka mitatu nimekukosa, na uko humuhumu ndani."

Alishuka majini kando yangu, akageuza sepetu, akaanza kuukata ukingo wa upande wa mashariki. Tulifanya kazi mpaka adhana ya adhuhuri. Tukatengeneza mteremko wa udongo na kokoto, mpana, mwinamo wake mdogo, hata kifaranga wa jana angeweza kushuka na kupanda. Nilijaribu mwenyewe kwa kutembeza vidole viwili, na Kuno akacheka kidogo puani.

Wiki mbili baadaye nilikuwa uani napepeta mchele. Yangeyange akatua, yule ndege mweupe anayeandamana na ng'ombe malishoni. Tangu tuhamie mjini tulikuwa hatujamwona hata mmoja hapa kwetu. Akaushuka mteremko polepole kwa miguu yake mirefu, akanywa.

Kuno mabega yakamtetemeka. Nilidhani analia. Kumbe anaimba. Sauti ilikuwa imeota kutu, inakatika na kurudi, lakini ulikuwa wimbo wake wa kisimani, ule wa kuwaita ng'ombe kwa zamu waje wanywe. Yangeyange wa pili akatua.

Faduma akachungulia juu ya ua. "Mama Madina, mzee anamwimbia nani?"

Nikafungua mdomo nimjibu. Sikupata hata neno moja. Nikamwashiria tu kwa kidole anyamaze.