Magugu ya Polixeni

Siku Polixeni alipofariki, jikoni kwake kulikuwa na beseni la majani yaliyolowekwa. Aliyachuma asubuhi, akayaacha majini ili udongo ushuke, akaenda kujilaza kidogo, asiamke tena. Binti yake Evanthia alipofika kutoka mjini Arta, nyumba ilikuwa imejaa wanawake waliovaa nyeusi. Siku ya tatu, akisafisha jiko, aliyakuta majani yale yameanza kuoza, akayamwaga nyuma ya nyumba bila kuyatazama. Wiki ilipopita ndipo jambo hilo lilipomchoma moyoni: ule ulikuwa mchumo wa mwisho wa mama yake, kila jani amelichagua kwa mkono wake, na yeye hakuangalia hata moja.

Bustani ya Polixeni ilikuwa nyuma ya nyumba, imezungushiwa ukuta wa mawe. Haikuwa na tuta la vitunguu wala la kabeji. Majirani walipanda; Polixeni aliacha majani yaote yenyewe. Kila mara kijiji kilipomzika mtu, arubaini yake haikupita bila sinia la pai ya majani ya Polixeni, limefunikwa kitambaa cheupe. Sasa arubaini iliyokuwa njiani ilikuwa yake mwenyewe, tena katikati ya Kwaresima, na hapakuwa na wa kuleta sinia.

"Dada, hii si bustani, ni aibu iliyojengewa ukuta," alisema Stathis, kaka yake Evanthia, ambaye kazi yake ilikuwa michungwa ya bondeni. "Jumatatu baada ya arubaini naleta pampu. Napuliza dawa, nalima, napanda viazi."

"Mama alikuwa anakula humu."

"Hata mbuzi wanakula humu."

"Na wewe je? Umekuzwa na haya haya magugu."

"Ndiyo maana nimekuwa mfupi."

Evanthia hakucheka. "Sikiliza, Stathis. Siku ya arubaini watu watakula pai iliyotoka humu ndani. Sinia likirudi tupu, pampu yako ibaki huko kwenye michungwa."

"Nani ataipika?"

"Mimi."

Stathis alicheka mpaka akashika ukuta. "Wewe unayenunua mchicha uliokwisha katwa, kwenye mfuko!"

"Nimesema mimi."

"Haya. Likirudi tupu, sipulizi. Likirudi limejaa, usije ukanililia."

Jumamosi iliyofuata Evanthia alichukua mkasi wa jikoni, akaingia bustanini. Alikata kila kilichokuwa kibichi na laini. Nyumbani majani yalimwagika mezani moja moja, yamechanganyika na nyasi na matope, hayajulikani lipi ni lipi. Aliyachemsha. Sufuria ikatoa kitu cheusi, chungu, kinachotafunika kama kamba. Alikila chote, amesimama, machozi yakimtoka. Jumamosi ya pili akarudi na mkasi ule ule.

"Unayachuma au unayanyoa?"

Sauti ilitoka juu ya ukuta. Alikuwa Kira Asimina, bibi wa jirani, kitambaa chake cheusi cha kichwani kimekaa upande. Yeye na Polixeni hawakuwa wamesemeshana kwa miaka tisa, tangu Polixeni alipomkuta ndani ya bustani hii, aproni imejaa majani, bila ruhusa ya mtu.

"Habari za asubuhi, Kira Asimina," alisema Evanthia kwa ubaridi.

"Na hicho kitita mkononi, kitupe."

"Ni karoti mwitu. Mama alikuwa anaitia kwa harufu yake."

"Kitupe, nimesema! Unataka kumzika padri pamoja na mama yako?" Bibi alikuwa tayari amepandisha mguu ukutani, akashuka upande wa pili kwa wepesi wa mtu aliyeizoea njia. Akaelekeza kidole bila kugusa. "Angalia shina. Laini, lina madoa ya zambarau, linanuka panya. Hiyo inaua. Karoti mwitu ina vinyweleo, kama miguu yangu. Nenda ukanawe mikono, na huo mkasi ukausugue."

Evanthia alinawa mara tatu. Alirudi na mkasi uliosuguliwa, ukidondosha maji.

"Unayajuaje ya bustani hii?"

"Nilikuwa naiba," alisema Kira Asimina. "Unafikiri mtu anaiba asichokijua?"

"Hata baada ya Mama kukukuta?"

"Hasa baada ya kunikuta. Kabla ya hapo nilikuwa naazima." Alipeleka mkono kwenye tundu la ukuta, katikati ya mawe, akatoa kisu kifupi chenye mpini uliozungushiwa waya. Evanthia alikuwa amekitafuta kisu hicho nyumba nzima. "Alikuwa anakiweka hapa. Nilikitumia, nikakirudisha. Sikukikuta butu hata siku moja."

Evanthia alikishika kisu, akayaangalia makali yake. Mama yake hakuwa mtu wa kuacha vitu nje. 

"Nifundishe," alisema hatimaye.

"Kwa sharti. Nimechoka kuruka ukuta. Nataka kupita langoni."

Wiki tatu zilizobaki Evanthia alikuja kijijini kutoka Arta kila Jumamosi na Jumapili. Alijifunza kuingiza kisu chini ya shingo ya mmea, ili majani yatoke yameshikana, na mzizi ubaki uchipue tena. Alijifunza kuuacha mmea mmoja katika kila kundi ili uzae mbegu. Mchunga, ile mboga chungu, ulichumwa kabla haujatoa ua, na maji ya kuuchemshia hayakumwagwa; mama yake aliyanywa na limau. Majani ya mviringo ya moloha, yanayoteleza kama mlenda, yalilainisha pai, na maua yake yakikaushwa hutibu kikohozi. Majani yanayowasha yalishikwa kwa nguvu bila kusita, kisha yakalowekwa kwenye maji ya chumvi.

"Ukiyaogopa yanakuwasha," alisema Kira Asimina. "Kama wanaume."

"Na wanaume nao hulowekwa kwenye chumvi?"

"Ningejua mapema, mwanangu, ningemloweka wangu."

Kosa kubwa la Evanthia lilikuwa kuchemsha. Majani ya pai hayachemshwi. Yanaoshwa maji matatu, yanakatwa, yanakandwa na chumvi mpaka yanalia, kisha yanakamuliwa. Yanatiwa shamari, kitunguu, mafuta ya zeituni, na konzi moja ya mchele ili unywe maji yaliyobaki. Pai ya kwanza ilichanika unga wake wa juu. Ya pili ilikuwa mbichi chini. Ya tatu Kira Asimina aliila kimya, akaomba kipande kingine, akasema chumvi haitoshi.

Siku ya arubaini, baada ya kanisa, watu walikaa kwenye meza ndefu ya Polixeni. Evanthia aliweka masinia mawili katikati, akayafunua kitambaa cheupe. Padri alikula. Wanawake walikula polepole, wakitafuta kitu mdomoni, na mmoja wao akaweka uma chini, akafuta macho. "Hii si ya Polixeni," alisema, "lakini imetoka kwake."

Stathis alikula kipande kimoja. Kisha akala kingine. Sinia la pili lilibaki na kona moja. Akaichukua kwa vidole, akaila, akaangalia ndani ya sinia, ambapo palikuwa peupe.

"Wewe dada mkaidi," alisema. "Umerithi kichwa chake."

"Na bustani."

"Nusu," alisema Stathis. "Nipe nusu ya mbele nipande viazi. Kwa jembe, sio kwa pampu."

Evanthia alifikiri. Nusu ya mbele ilikuwa na nyasi tupu. "Kwa jembe," alisema.

Viazi vya Stathis sasa viko mbele. Nusu ya nyuma hailimwi. Kisu kinakaa kwenye tundu la ukuta, Evanthia hukinoa kila Jumamosi, na lango halifungwi Jumatano na Ijumaa, siku za mfungo, Kira Asimina anapokuja kuchuma.