Kitasa cha Shaba

"Huu mlango hatuuachi."

"Ni mlango tu, shemeji."

"Kama ni mlango tu, kwa nini ulisema una kitasa cha shaba?"

Kinyozi akaizungusha dadu mezani. Shaba ilimtoka tu mdomoni, kupamba maneno. Na mchezo wao wote ni maneno: yeye anasimulia, wenzake wanasema wanafanya nini, dadu inaamua. Wiki mbili alinyoa watu huku kichwani anajenga jumba la jitu kule mlimani, mitego kila ngazi. Leo Jumapili, saluni imefungwa, wachezaji wake watatu wamegoma kupanda mlima. Wameng'ang'ania mlango huu, wa stoo ya mafagio tu, kule chini ya mlima.

Dada yake, fundi cherehani, alishaunusa ule mlango, akauimbia. Bonge wa bekari aliupiga teke akavunjika mguu. Mguu wa mchezoni, lakini alipoenda kunywa maji alichechemea kweli. Dadu ilipokataa tena, shemeji, mume wa dada, akavaa kofia. Alisema bora akaangalie mpira, mpira hauna kitasa. Akiondoka yeye, dada naye huyo. Na Bonge peke yake si mchezo, ni maongezi.

Kinyozi akaitazama ramani ya jumba lake, aliyoificha nyuma ya kipande cha boksi. Roho ikamuuma. Akaikunja, akaikalia. Kisha akagonga meza kwa chini, taratibu.

"Kuna mtu anagonga," akasema. "Kwa ndani."

Shemeji akavua kofia.

Basi wakaanza kubishana. Dada akasema ni jitu lenyewe, limejificha. Bonge akasema hapana, ni mama yake jitu, kafungiwa na mwanawe. Kinyozi akawa anatikisa kichwa kama mwenye siri nzito, kumbe anaokota mawazo yao. Mama wa jitu! Wiki mbili hakuwaza kitu kitamu hivyo. Dadu ikakubali, mlango ukafunguka. Mama alipotoka amefura, fagio mkononi, Bonge alitimua mbio na mguu wake uliovunjika, na meza nzima ikafa kwa kicheko.

Wakati wa kuondoka, shemeji alimvuta pembeni.

"Yule mama ulimpanga?"

"Toka mwanzo."

Shemeji akakitazama kiti, na ramani iliyopondeka juu yake.

"Muongo mkubwa wewe," akasema, anacheka. "Jumapili ijayo mimi ndiye wa kwanza kufika."

Akaugonga kwanza mlango wa saluni, akatega sikio, akaufungua. Halafu akatoka, akaenda zake.