Mpira Alioufunga Shemeji

Siku yangu ya kupumzika huliwa na ndugu. Wiki nzima nalala chini ya magari ya watu, mgongo umekwisha, magoti yanalia nikiinuka, halafu Jumapili ikifika anatokea mtu wa damu yangu na gari lake, ananiambia, "Ni kitu kidogo tu." Sijawahi kuona kitu kidogo kilicholetwa na ndugu.

Safari hii hakuna aliyeniomba. Nilijipeleka mwenyewe, tena nikiwa nimekasirika. Binti mdogo wa dada yangu alikuja kwangu kucheza na wanangu, akaniambia kama anayesimulia habari za kawaida, "Mjomba, tukipanda pikapu ya mama kichwa kinauma. Jana dada alitapika." Nikamuuliza kwa nini. "Inanuka petroli. Mama anasema tutazoea."

Pikapu ile ilikuwa ya shemeji yangu, mume wa dada. Sote tulimwita Mashoto, kwa kuwa hata mlango aliubisha kwa mkono wa kushoto. Alifariki mwaka juzi kwa homa ya siku chache. Dada akabaki na mabinti wawili, banda la kuku na hiyo pikapu, akaanza kusambaza mayai madukani mwenyewe. Asubuhi trei zinapangwa nyuma, watoto wanakaa mbele na kushushwa shuleni kwanza. Nilishamwambia aniletee niikague, na kila nikisema alikuwa na sababu. Leo mayai ni mengi, kesho kuna mvua, na hata hivyo gari kuukuu halikosi kunuka.

Nilimkuta amekaa kwenye kizingiti, anafuta mayai kwa kitambaa chenye unyevu.

"Nipe funguo," nikamwambia.

"Hata salamu hakuna?"

"Shikamoo, dada. Nipe funguo."

Alinipa, lakini alizishikilia kidogo kabla ya kuziachia. Nikachomoa waya wa betri, nikapiga jeki, nikaweka vigogo, nikajisukuma chini na tochi mdomoni.

Kati ya bomba la chuma linalotoka kwenye tangi na pampu, Mashoto alikuwa amekata sehemu iliyooza kwa kutu akaunga mpira mweupe wa plastiki, ule wa maji, unaoonyesha kilichomo ndani. Namjua shemeji. Alipenda kuiona petroli ikipita. Gari likimzimikia njiani, alikuwa akisema, anainama tu na kujua kama shida ni mafuta au umeme. Wazo zuri, ila petroli haijali wazo la mtu. Mpira wa namna ile inaukausha mpaka unakuwa mgumu kama ukucha. Huu ulishageuka njano, na ulikuwa umepasuka hapo ulipolegea karibu na bomba la moshi. Ncha zote mbili zilikazwa kwa waya, na waya wote ulisokotwa kushoto.

Juu ya ufa palikuwa na kitambaa cha maua mekundu, kimefungwa fundo juu ya fundo, kimelowa petroli chapachapa. Nilikitambua. Kilikuwa pacha wa kile dada alichokuwa akifutia mayai.

Nikatoka chini. Sikujipangusa.

"Dada, ulijua."

Hakuinua macho. "Nilijua."

"Ukajua, ukafunga kitambaa, ukawapakia watoto? Bomba la moshi liko hapo hapo! Litone tone moja wakati bomba limepata moto, mnaungua wote watatu, mimi nije kuzoa majivu?"

Jirani alifungua dirisha, akalifunga. Nilikuwa sijawahi kumpazia sauti dada yangu. Yeye ndiye aliyenibeba mgongoni mama alipokuwa kazini, na mdomo wangu ulinichoma papo hapo. Aliweka yai kwenye trei, akaingia ndani.

Nikaenda duka la vipuri nikiburuta miguu. Muuzaji, kijana mwenye maneno mengi, akanitolea mpira mweusi unaometameta. "Huu, mzee, hata rais anautumia." Nikatazama ulipokatwa. Mpira mtupu, hauna tabaka la nyuzi ndani, na ubavuni haukuandikwa petroli wala chochote. Nikamwambia amtafutie rais mwingine. Alichukua muda kunipa ule wa kweli, wenye nyuzi, na upana wake wa ndani nikaupima kwa kipande cha bomba la saizi ile ile nilichotoa kwenye sanduku langu la vifaa. Akataka kunipa na bomba la shaba, eti linakunjika kirahisi. Linakunjika, ndiyo, lakini gari kuukuu linatetemeka siku nzima na shaba inachoka. Nilichukua la chuma, vibano vya skrubu na chujio jipya la petroli.

Niliporudi nikamimina petroli ya tangi kwenye dumu, nikaanza kufungua. Mkono wangu ulizoea waya unaofunguliwa kushoto. Wa Mashoto kila nilipouzungusha ulizidi kukaza, nikamtukana marehemu kimoyomoyo, Mungu anisamehe.

Kisha nikaona ndala za dada karibu na gurudumu. Akakaa chini, akaongea na miguu yangu.

"Unakumbuka nilivyokuwa namfukuza? Haingii ndani mpaka anawe pale nje. Sabuni naishika mimi. Kila siku ugomvi, petroli, petroli."

"Nakumbuka."

"Kwenye msiba wakaja wanawake kunisaidia. Wakafua kila kitu. Mashati, shuka, hata kofia yake. Walifanya wema, sikuweza kusema neno. Nilipofungua kabati palinuka sabuni tu. Likabaki gari. Nikiwasha asubuhi, ile harufu ikija, yupo. Nikafunga kitambaa ili isitone, lakini isiishe."

Nilikuwa nimeshika bisibisi. Nikaiweka chini.

"Watoto, dada," nikasema.

"Najua. Funga."

Nikapitisha bomba upande wa pili, mbali na bomba la moshi, nikalishikiza kwenye chesisi lisicheze. Nikasukuma mpira mpaka ukapita uvimbe wa ncha ya bomba, nikakaza vibano, nikageuza chujio mshale uelekee injini. Petroli ikarudi tangini, waya wa betri nikaurudisha. Pikapu ilikohoa, ikawaka. Nikapitisha vidole kwenye kila kiungo. Pakavu.

Dada akapanda, akafunga mlango, akapandisha vioo. Nilimwona akivuta pumzi ndefu, mara ya kwanza, mara ya pili. Akashuka.

"Hainuki," akasema.

"Hainuki."

Nikageukia bomba la nje, nikafungua maji, nikanyoosha mkono kuchukua sabuni.

"Ngoja kwanza."

Akaja, akaushika mkono wangu wa kushoto, mchafu hivyo hivyo, akauweka puani na kufumba macho. Mgongo ulikuwa unaniwaka na nilitamani kitanda kuliko kitu chochote. Maji yakaendelea kumwagika. Nilisimama hapo hapo mpaka alipouachia mwenyewe.